Gunia Kwanza, Maji Nyuma

Jumapili ile redio ya Mama Godelieve ilitangaza kwamba ni marufuku mtu yeyote kuingia katika mashimo ya madini mpaka mvua ziishe. Mtangazaji alisoma tangazo mara mbili, kwa Kifaransa kisha kwa Kiswahili, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba hakuna anayemsikiliza. Na kweli hatukumsikiliza. Benchi letu lilikuwa na habari yake, kubwa kuliko ya redio, iliyozunguka mtaa kwa juma zima. Kapita Ndevu alikuwa ameunguzwa na moto akiwa ndani ya tunnel, njia ya chini kwa chini, na mpaka saa hiyo hakuna aliyejua kama amekufa au yu hai.

Msomaji usitoe machozi. Kapita Ndevu si mtu wa kuzaliwa. Ameandikwa kwa penseli katika daftari langu, ukurasa wa tatu, na chini ya jina lake kuna shoka, pete, ndevu zinazofika tumboni na namba ya uhai wake uliobaki. Ni mtu wa mchezo. Mhandisi mmoja wa ng'ambo alimaliza kandarasi yake hapa Kolwezi akaacha vitabu vyake viuzwe sokoni kwa rundo, na ndani ya rundo hilo Tata Polycarpe akaokota kitabu kinene cha Kifaransa chenye picha ya joka. Alidhani ni mambo ya Ufunuo. Kumbe ni mchezo: kila mtu anatengeneza mtu wake wa karatasi, mwenye kitabu anasimulia hatari iliyo mbele yenu, na dadu zinaamua nani anapona. Mwaka wa tatu sasa, kila Jumapili baada ya kanisa, hatuchezi kingine.

Dadu zetu za pande sita ni za kawaida. Ile kubwa ya pande ishirini ilichongwa na fundi wa malakiti pale mtaani, kutoka jiwe la kijani alilotoa shimoni mwenzetu Stany. Upande mmoja ni mzito, kwa hiyo inapenda saba. Tumezoea. Hata watu wa duniani wana wanachokipenda.

Niwatambulishe wenye benchi. Tata Polycarpe tunamwita Article, kwa sababu alikuwa karani wa ofisi ya madini kwa miaka thelathini na hawezi kuomba chumvi bila kutaja kifungu cha sheria. Ndiye mwenye kitabu, ndiye msimulizi. Ni Mkatoliki wa misa ya kwanza. Tata Louis ni fundi cherehani na shemasi wa Waprotestanti, tunamwita Verset, yaani Aya. Mtu wake wa karatasi ni mponyaji, ila hamtibu mtu kabla hajatubu, na tumeshapoteza askari wawili wazuri kwa ajili ya toba. Mama Godelieve ndiye mwenye kibanda, chai, mikate ya kukaanga na benchi lenyewe. Mtu wake ni mchawi wa kike anayeitwa Malkia Makala, yaani makaa ya jikoni, na tangu ajifunze kutupa moto hajatafuta ufumbuzi mwingine wa jambo lolote. Mimi naitwa Secrétaire, katibu, kwa sababu ya daftari.

Na Stany. Stany ni creuseur, mchimbaji wa mkono, baba wa watoto wawili, tunamwita Trente-Mètres, Mita Thelathini. Sheria inasema shimo la mchimbaji wa mkono lisizidi mita thelathini. Tangu nimjue, shimo la Stany lina mita thelathini. Wamechimba miezi sita mfululizo, na bado ni thelathini. Kapita Ndevu ni wake.

Jumapili iliyotangulia mambo yalikuwa hivi. Watu wetu walikuwa ndani ya tunnel nyembamba, wakizingirwa na majitu sita yenye mikia. Kapita Ndevu alikuwa mbele akipigana. Mama Godelieve, huku akigeuza mikate kwenye mafuta, akasema Malkia Makala anatupa boule de feu, ule mpira wa moto. Article akamuuliza kama ameangalia nani yuko mbele. Akasema mafuta yanaungua, tusimsumbue. Dadu zikarushwa, madhara yakatoka ishirini na nane. Majitu sita yakaisha. Halafu tukakumbuka kwamba kulikuwa na mtu wetu katikati yao.

Kapita Ndevu alikuwa na uhai wa kumi na moja. Stany akarusha ile dadu ya malakiti, na kwa mara ya kwanza katika historia ikakataa saba, ikaleta kumi na tisa: Kapita aliwahi kuruka nyuma ya toroli la mawe. Kitabu, ukurasa wa tisini na sita, kinasema anayeruka vizuri anapata nusu ya madhara. Pia alikuwa na pete, na ukurasa wa mia moja arobaini na moja unasema pete ile inapunguza madhara kwa nne. Basi, nusu na nne. Kipi kinaanza? Kitabu hakisemi. Wakati tunaanza kupandishiana sauti, mvua ikamwagika, tukatawanyika na Kapita wetu akabaki hapo, si maiti si mzima.

Kosa likatokea hapohapo. Mamie anayeuza karanga alikuwa anapita akikimbia mvua, akamsikia Mama Godelieve akisema kwa uchungu wa kweli kwamba amemuunguza mtu wa Stany ndani ya tunnel. Mamie hakusubiri mengine. Asubuhi ya Jumatatu nyumbani kwa Stany akina mama walianza kufika na unga na makala ya kilio, kama desturi yetu inavyotaka. Tulipoisikia habari hiyo hapa benchini tulicheka mpaka Verset akamwaga chai. Makala, mfuko mzima, kwa ajili ya mtu wa penseli.

Lakini wachimbaji hawakucheka. Kule shimoni kuna mambo ya kushika. Aliyegombana na mkewe asubuhi hashuki. Aliyeota moto hashuki. Na nyumba iliyopelekewa makala ya kilio, mwenye nyumba hashuki mpaka kilio kiondolewe, siku saba, kwa sababu kifo kilichoitwa hakirudi mikono mitupu. Dodo, mkuu wa shimo lao, ambaye wachimbaji humwita PDG, yaani mkurugenzi mkuu, kama wanavyowaita wakuu wote wa mashimo, alikaa na neno hilo siku nzima. Kisha akaamua kwamba mtu ambaye hajulikani kama amekufa hana kilio, kwa hiyo Stany afanye kazi juma hilo, ila Jumapili benchi litoe jibu: Kapita akiwa amekufa, siku saba zinaanza. Kesho yake, Jumatatu, wanafungua njia mpya chini kabisa, wanakodhani mshipa umejificha. Asiyekuwepo siku ya kufungua hana fungu katika njia hiyo. Ndiyo desturi, na Dodo hakuitunga yeye.

Mnaona basi Jumapili hii Stany alikuja na uso gani. Hakuja kucheza. Alikuja kama mtu anayepeleka shauri lake kwa tribunal. Dodo mwenyewe alikuwa amekaa pembeni kwenye ndoo iliyogeuzwa, kofia mkononi, akinywa chai.

Stany alianza mbali. Alidai kwamba moto haukufika kabisa, maana toroli lilikuwa baada ya kona.

"Moto haijuake kukata kona mu tunnel," alisema. "Mi niko mutu wa mu shimo. Mi njo najua."

"Ku mita ngapi?" aliuliza Article bila kuinua macho.

"Trente."

Benchi lilikohoa kwa pamoja. Hata Dodo aliangalia ndani ya kikombe chake.

Verset akafungua kitabu akasoma kwa sauti ya mimbarini kwamba moto huo unazunguka kona. Stany akasema aliyeandika kitabu hajashika hata koleo. Verset akamjibu kwamba hata aliyeandika kitabu cha Yona hakupima tumbo la samaki, na bado tunaamini.

Kutoka hapo ikawa vita vya makanisa, kama kawaida yetu. Verset anashikilia kwamba kitabu kinajitosheleza: kilichoandikwa kimeandikwa, kisichoandikwa hakipo, na mwenye kitabu ni mtumishi tu wa herufi. Article anashikilia kwamba kitabu bila mfasiri ni karatasi ya kufungia karanga, kwamba toka mwanzo kuna mapokeo, na kwamba mapokeo hayo kwa bahati njema yanakaa ndani ya kichwa chake. Ugomvi huo ulianza Ulaya miaka mia tano iliyopita. Sisi tumeupokea ukiwa mbichi, tukauweka kwenye meza ya chai na kuuongezea majitu yenye mikia.

Mama Godelieve alitakiwa aeleze kama alikusudia kumuunguza mwenzake. Alikanusha. Alisema mchawi ni kama mpishi, kazi yake ni kuwasha. Kukaa mbali na jiko ni kazi ya mwenye miguu.

"Mi sikuuliza moto iende kwa nani," alisema. "Nilisema moto, ikaenda. Na mashetani sita ilikufa, hakuna hata mutu mumoja alisema aksanti."

Tulimshukuru, kwa kuchelewa. Akatuongezea mkate mmoja kila mtu, mdogo.

Ndipo Stany akaja kwenye jambo lenyewe. Alichuchumaa akachora chini kwa kijiti: huyu Kapita, hili toroli, hapa moto unatokea.

"Fwata pole pole. Moto inatoka ishirini na munane. Inakuta kwanza toroli, sababu toroli njo iko mbele. Toroli inakata nusu. Inabakia kumi na ine. Nyuma njo inafika ku kidole, pete inakula ine. Inabakia kumi. Kapita alikuwa na kumi na moya. Bado iko na moya. Na mutu wa uhai moya haiko maiti."

Ilisikika vizuri sana. Nilianza hata kuandika. Lakini Article aliinua kidole, na kidole cha Article kikiinuka, mtu mmoja ataumia.

"Secrétaire," akaniambia, "fungula mwezi ya tatu ya mwaka yenye ilipita. Dossier ya mamba ya majiwe."

Nikafunua. Msomaji, katika maisha yangu sijawahi kujuta kuwa na mwandiko mzuri isipokuwa siku ile.

Mwezi wa tatu mwaka jana tulipigana na mamba wa mawe aliyeua watu wetu wanne. Mamba naye alikuwa na gamba linalopunguza madhara, naye aliruka vizuri akapata nusu ya moto wa Mama Godelieve. Swali lilikuwa hilihili: nusu kwanza, au gamba kwanza? Ukianza na gamba, mamba anakufa. Ukianza na nusu, mamba anapona na kutumaliza. Na aliyesimama siku ile kutetea kwamba gamba linaanza alikuwa Stany. Alisimama juu ya benchi. Aliongea nusu saa.

Na hoja yake haikutoka kitabuni, ilitoka dépôt, kule wanakonunua madini. Kila mchimbaji anaijua. Mizani ikishapima, kuna vitu viwili vya kuondoa: uzito wa gunia lenyewe, na sehemu ya maji yaliyomo ndani ya udongo. Mnunuzi mjanja anakata maji kwanza juu ya uzito wote, gunia likiwemo, halafu anatoa gunia, na mchimbaji anapunjwa kidogo kila gunia. Ukitoa gunia kwanza, kisha ukakata maji, kinachobaki kwako ni kikubwa zaidi. Stany aliwahi kukalia magunia yake kwenye mlango wa dépôt toka asubuhi mpaka jua linaelekea kuzama, hapiti mtu, mpaka mnunuzi akakubali. Ni jambo analojivunia kuliko ndoa yake ya kanisani.

Siku ya mamba basi alituhubiria hayo yote, tukalia, tukakubali: kinachopunguza kwa namba kinatangulia, kinachokata sehemu kinafuata. Mamba akafa. Na Stany kwa furaha akachukua makala jikoni mwa Mama Godelieve, akaandika ukutani, kwa herufi kubwa kama za chama, mpaka leo zipo: GUNIA KWANZA, MAJI NYUMA.

Sote tuligeuka kuangalia ukuta. Stany peke yake aliangalia viatu vyake.

Tukapiga hesabu kwa sheria yake mwenyewe. Ishirini na nane, toa nne za pete, ishirini na nne. Kata nusu, kumi na mbili. Na uhai wa Kapita ulikuwa kumi na moja.

"Mukuki ku nguruwe ni mutamu," alisema Verset, mtu asiyejua kunyamaza.

Stany hakukubali. Alisema mamba ni nyama, Kapita ni mutu, sheria ya nyama haiwezi kumkata mutu. Article akamkumbusha kwamba sheria ni msumeno. Stany akasema gamba limeota mwilini lakini pete imevaliwa, hivyo pete si gunia, pete ni kama koti la mwenye gunia. Hapo hata mimi nilipotea. Alikuwa anatoka jasho. Kwa mara ya kwanza katika miaka mitatu niliona kwamba anaogopa, na hakuogopa kwa ajili ya yule wa penseli.

"Ba tata, munisikie," alisema, na sasa aliongea polepole. "Ku dépôt kyenye kinabakia ni changu, njo maana nilipiganisha kibakie kikubwa. Hapa pia kinabakia changu. Ila hapa ni moto. Haiwezi kuwa sheria moya."

Ukweli ni kwamba alikuwa amesema jambo la maana, na jambo la maana halijazoeleka kwenye benchi lile. Verset akakubali kwamba kitabu kimenyamaza. Article akakubali kwamba mapokeo yanaweza kusahihishwa, iwapo mwenye mapokeo ataombwa vizuri. Mama Godelieve alisema kama ni kwa ajili ya kazi ya mtu, yeye yuko tayari Malkia Makala awe alikosea shabaha. Tulikuwa tunaelekea kumfufua Kapita kwa kura. Mkono wangu ulikuwa umeshaanza kupanda.

Hapo ndipo Rachelle akafika.

Rachelle ni mke wa Stany, mwalimu wa darasa la nne, na katika miaka mitatu hakuwahi kukaa nasi. Analiita benchi letu benchi ya balozi, yaani ya wachawi, na Mama Godelieve huipokea kama sifa. Alikuja na mwavuli uliofungwa na mfuko wa makala. Ule ule wa kilio. Aliuweka mezani, akasalimia kila mtu kwa heshima, Tata fulani, Mama fulani, kisha akamwomba Article kitabu.

Tulidhani atakichoma. Article alikikumbatia kidogo kabla ya kukitoa. Rachelle akauliza kesi ni ipi, nikamweleza, akasoma ukurasa wa tisini na sita, akasoma wa mia moja arobaini na moja, midomo ikicheza kama anasahihisha madaftari. Halafu akafanya kitu ambacho hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukifanya. Alirudi mwanzo kabisa, akasoma dibaji.

"Iko hapa," alisema. "Kitabu kama kinanyamaza, batu bafwate vile baliamua mara ya kwanza. Ukurasa ya ine. Mustari ya pili."

Benchi zima lilimgeukia Article. Miaka mitatu ya mapokeo.

"Dibaji ni ya bageni," alisema Article, akafuta miwani.

Rachelle aliangalia ukutani, kwenye herufi za mumewe, akazisoma kimoyomoyo. "Mara ya kwanza ni hii," alisema. "Na mwandiko ni ya bwana yangu. Basi Kapita amekufa."

Stany aliinuka. Alisema Rachelle hajui anachofanya, kwamba kesho ni njia mpya, kwamba akimuua Kapita anawanyang'anya watoto fungu lao. Alisema yote hayo kwa sauti ya chini, ambayo kwa Stany ni mbaya kuliko kelele.

"Najua," alisema Rachelle. "Njo maana nilikuya."

Akakaa kwenye benchi letu la wachawi, akapakata mfuko wa makala.

"Lundi asubui Mamie alifika na unga. Nyuma mama wa pili, na makala. Hakuna mwenye alisema ni mutu wa kitabu. Balisema: wa Stany amefia mu tunnel. Nilikimbia. Kiatu kimoja kilibakia mu matope ku barabara ya Nzilo, sikukirudilia. Nilifika ku shimo, nikakuta benzako juu bananiambia uko chini, unafanya kazi, unaimba. Nilirudia nyumba. Sikukuambia. Lakini dakika yote ile ya njia, Stany, mi nilikuwa mujane. Nilishaanza ata kufikiri batoto nitabaambia na maneno gani."

Hakuna aliyecheka. Nilikumbuka namna tulivyocheka Jumatatu, na ile chai iliyomwagika, nikaona haya mpaka masikioni. Verset alikuwa anahesabu vifungo vya koti lake.

"Na kule juu ya shimo," aliendelea, "kuko kibao. Kimeandikwa mita ngapi, na mvua, na kufunga. Kinasimama pale tangu mwezi muzima. Muko na kitabu ya moto yenye haiko, munasoma kila mustari, munapigana ju ya pete. Kile kibao, ni nani mwenye alikisoma?"

Redio, ambayo hakuna aliyekumbuka kuizima, ilikuwa inarudia lile tangazo kwa mara ya nne.

Stany aliangalia miguu ya mkewe. Rachelle alikuwa amevaa kandambili za plastiki, na nadhani ni wakati ule alipojua kwa nini tangu Jumatatu hakuvaa vile viatu vyeusi vya shule. Nilidhani atarudi kwenye koti la mwenye gunia. Kisha akanigeukia mimi.

"Secrétaire. Andika."

"Niandike nini?"

"Gunia kwanza," alisema. "Amekufa."

Nikaandika. Penseli ilikuwa butu, nikaandika mara mbili. Dodo alisimama, akavaa kofia, akampa Stany mkono wa pole, wa kweli, kama anavyopewa mfiwa. Alimwambia siku saba. Stany akauliza kuhusu fungu la njia mpya, Dodo akasema desturi anaijua. Halafu akabaki amesimama, akaitazama mbingu iliyokuwa imeshatia weusi upande wa Kingamyambo, akauliza, bila kumuuliza mtu fulani, kama kilio cha mtu mmoja kinaweza kuzuia shimo zima. Article akasema akipewa muda anaweza kupata kifungu. Dodo akasema hamna haraka, akaenda zake, na hakushika njia ya shimoni.

Basi tukafanya kilio. Ilikuwa ni kukaa tu, lakini tulikaa vizuri. Mama Godelieve aliwasha makala yale ya Rachelle, akakaanga mikate juu yake, akasema ni haki Kapita aondoke kwa moto uleule uliomuunguza. Verset aliomba sala fupi, na kwa mara ya kwanza mponyaji wake alikubali kwamba angeweza kumtibu marehemu bila toba, iwapo angeulizwa mapema. Article alisoma dibaji yote, peke yake, akiipa mgongo meza. Stany alikula mikate mitatu, bega lake likiwa limeegemea la mkewe.

Matone ya kwanza yalipoanguka juu ya bati watu wakaanza kuinuka. Nikamuuliza Stany kama nimtengenezee mtu mpya kwa Jumapili ijayo. Akatingisha kichwa, hajui, hana moyo.

"Mumutengenezee," alisema Rachelle. "Na mi pia munitengenezee wangu. Mama Godelieve atanifundisha kutupa moto."

Mama Godelieve alishika kiuno kwa furaha. Nikafungua ukurasa mpya, nikaandika jina la Rachelle, kisha nikamuuliza Stany, kwa ajili ya kupanga kurasa, nimwekee watu wangapi.

Rachelle alifungua mwavuli, akaangalia wingu, akahesabu kwa vidole Jumapili zilizobaki mpaka mvua ziishe, kilio kimoja cha siku saba kwa kila Jumapili, na akarudia kuhesabu.

"Andika kumi na babili," alisema.